Nguvu asilimia 96, picha imeganda

Jumamosi usiku kijana wa zamu kwenye kituo kimoja cha mkoani kinachopokea mechi kwa dishi la setilaiti alinipigia: "Kaka, nguvu iko 96, lakini mechi inaganda." Nikamuuliza ubora ukoje. Kimya. Halafu akasema ameshafunga amplifaya kwenye kebo, ndiyo maana nguvu imepanda kutoka 80. Simu za namna hii zimenichosha.

Mstari wa nguvu kwenye skrini ya risiva hauijui mechi. Unapima kila kinachoingia kwenye risiva: mawimbi ya setilaiti, kelele (mawimbi ya ovyo) ya LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, chaneli ya jirani, vyote kwa pamoja. Amplifaya nayo haichagui. Inakuza vyote sawasawa, kisha inaongeza kelele yake. Inafaa kebo ikiwa ndefu sana, na hapo hufungwa karibu na LNB.

Kama unabisha, kaa mbele ya risiva zile siku chache za Machi na Septemba jua linapopita nyuma ya setilaiti. Jua linamwaga kelele ya redio moja kwa moja ndani ya dishi. Nguvu inapanda, ubora unaporomoka, picha inakata kwa dakika kadhaa. Nguvu unayo tele, picha huna.

Kinachoamua ni ubora, yaani mawimbi yameizidi kelele kwa desibeli ngapi. Kwenye DVB-S2, mfumo wa kurusha TV kwa setilaiti, 8PSK ya 3/4 (8PSK ni namna ya kupakia data kwenye mawimbi; 3/4 ni sehemu iliyo data yenyewe, inayobaki ni ya kurekebisha makosa) inataka karibu 7.9, na 16APSK ya 3/4, inayobeba megabiti nyingi zaidi, inataka karibu 10.2. Ukishuka chini ya hapo, picha hakuna.

Mechi ile ilikuwa 8PSK ya 3/4, na ubora wake 8.1, juu ya mpaka kwa 0.2 tu, kwa hiyo ukitikisika kidogo picha inaganda. Nikampandisha kwenye dishi, simu sikioni, mwenzake akisoma namba kwa sauti. Skrubu ya LNB ilikuwa imelegea na LNB imezunguka. Mawimbi ya wima na ya ulalo hubeba chaneli tofauti kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo LNB ikikaa upande, ya jirani inaingia. Akaizungusha taratibu: 8.6, 9.7, 11.4, 11.2. "Rudisha kidogo, kaza." Kisha kwa hofu: "Kaka, nguvu imeshuka 91!" Iache ishuke. Nikamwambia aing'oe na ile amplifaya. Nguvu ikarudi 77, ubora ukabaki 11.4, na mechi ikaendelea.

Sasa ana akiba ya desibeli 3.5 juu ya ile 7.9. Inatosha? Kwa bendi ya C, masafa ya chini ambayo mvua haiyasumbui sana, ningelala usingizi. Kwa Ku, masafa ya juu zaidi, sina hakika, na hesabu za vitabuni hazinitulizi, maana zinahesabu dakika za kukatika kwa mwaka mzima, wakati mvua ya masika inaweza kuzimaliza zote kwa jioni moja. Nimewahi kuwa na akiba ya 5 ikaisha yote. Mvua inafifisha mawimbi na yenyewe inatoa kelele, hivyo ubora unaanguka huku nguvu ikitikisika kidogo tu.

Nimemwomba aandike desibeli za ubora kwenye daftari kila zamu, na mvua ikinyesha aandike kila dakika 5.