"Zimepigwa 500 Tu": Porojo Ninazozisikia Kila Wiki Kuhusu Sarafu za Fedha

Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu kutoka Luanda, Vihiga, aliingia karakanani kwangu hapa Kisumu, kakumbatia kijisanduku cha mbao kama mtu aliyebeba mayai kwenye matatu. Akakifungua polepole. Juu ya kitambaa chekundu palikuwa na sarafu ya fedha ya aunsi moja, kiboko kapakwa rangi upande mmoja, na chini yake cheti chenye namba: 347 kati ya 500. Alikuwa ameitunza miaka sita. "Fundi," akasema, "hizi zimepigwa mia tano tu dunia nzima. Nikadirie, lakini usinipe bei ya vyuma."

Nikaitoa kwenye kikopo chake na kuiweka kwenye mizani. Gramu 31.1. Nikapiga hesabu kwa bei ya fedha ya siku hiyo, nikamtajia. Mwalimu alinyamaza, kisha akaanza kurudisha kiboko wake sandukuni. Alikuwa ameinunua karibu mara tatu ya bei ya fedha iliyokuwamo ndani yake.

Mimi ni sonara. Nyuzi za dhahabu na pete za harusi ndizo zinazonilisha, sarafu ni ugonjwa wangu wa pembeni. Lakini hadithi ya mwalimu nimeisikia mwaka huu kutoka kwa daktari, kwa kijana wa bodaboda na kwa mchungaji, na sasa nimechoka kuieleza mmoja mmoja.

"Ni chache, kwa hivyo lazima ipande bei"

Hapana. Uchache ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni idadi ya watu wanaoitafuta, na hiyo haiandikwi kwenye cheti. Mimi leo nikichora sura ya kambare kwenye kipande cha fedha nikakigonga, nitakuwa na sarafu adimu kuliko zote Nyanza. Iko moja tu. Mke wangu mwenyewe hatainunua.

Chukua Eagle ya Marekani, sarafu ya fedha ya aunsi moja iliyoanza kutolewa 1986. Ile ya 1996 ilipigwa zaidi kidogo ya milioni 3.6. Hiyo si chache kwa kipimo cha mtu yeyote. Lakini katika sarafu za kawaida za mfululizo huo, huo ndio mwaka uliotoka kidogo kuliko yote, na kwa sababu watu wengi sana wanataka kukamilisha miaka yote, ya 1996 huuzwa juu ya wenzake. Milioni tatu na nusu, na bado inagombewa! Ndugu yake wa 1995, ile iliyong'arishwa maalumu na yenye alama ya W (ya kiwanda cha West Point), ilipigwa 30,125 tu. Haikuuzwa peke yake: ilitolewa ndani ya seti ya dhahabu ya kuadhimisha miaka kumi ya Eagle, kwa hivyo aliyetaka kipande cha fedha ilibidi anunue dhahabu kwanza. Wengi hawakuweza. Leo kila mwenye seti yenye pengo anaihitaji hiyo hiyo moja, na bei yake ni maelfu ya dola. Iliyoipandisha ni foleni ya watu wenye pengo kwenye albamu zao.

Sasa rudi kwa kiboko wa mwalimu. Nani ana pengo la umbo la kiboko? Hakuna mfululizo. Mwaka uliofuata kiwanda kilipiga mnyama mwingine, pia "500 tu", na mwingine, na mwingine. Na mara nyingi mchoro mmoja hutolewa wa kawaida, kisha wa rangi, kisha uliopakwa dhahabu, kisha wenye kialama kidogo pembeni, kisha wa aunsi mbili, kisha wa kilo. Kila mmoja una cheti chake na "idadi maalumu" yake. Ukijumlisha hizo chache zote unapata gunia.

Halafu kuna jina la nchi. Sarafu nyingi za aina hii zina jina la Niue, kisiwa cha Pasifiki chenye watu wasiofika 2,000. Kijiji kizima hicho kingeingia uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu na viti vingi vibaki wazi. Hakuna anayenunulia mkate sarafu hizo kule. Nchi inaazima jina na kulipwa, sarafu inapigwa kwingine. Hata tembo wa kwenye sarafu ya Somalia, ambaye wateja wangu wa Kisomali humtaja kwa fahari, hupigwa Bavaria, Ujerumani. Tembo huyo lakini simkatai. Ametoka kila mwaka na mchoro mpya tangu 2004, watu wanamfuata mwaka baada ya mwaka, na ukimleta kwangu najua nitampigia nani simu. Kwa kiboko wa rangi sina wa kumpigia.

Hilo ndilo swali ninalotaka uulize kabla ya kutoa pesa: siku ya kuuza, nani hapa, kutoka Busia hadi Nakuru, ataniongezea senti juu ya uzito? Kama jibu ni "wazungu mtandaoni", basi weka kwenye hesabu gharama ya kuituma, bima, na miezi ya kungoja. Usipopata mnunuzi utarudi kwangu, na mimi nanunua gramu. Rangi ya kiboko huungua kwenye chungu kama kitu kingine chochote.

Kama shida yako ni kuweka akiba katika fedha, nunua ile sarafu ya kawaida kabisa, iliyopigwa mamilioni, yenye nyongeza ndogo juu ya bei ya madini. Kama unapenda michoro, nunua mchoro, uutazame jioni, ufurahi. Usiyachanganye hayo mawili halafu uje kunikasirikia mimi. (Lugha yetu nayo haisaidii: fedha ni madini na fedha ni pesa, na nadhani kuna watu hupotelea hapo hapo.)

"Ya zamani ni fedha tupu"

Kila Desemba, watu wakishatoka kufagia nyumba za wazee mashambani, naletewa mikebe. Ile senti kumi yenye tundu ni shaba. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kuanzia 1921 hadi 1946, ni robo tu fedha: uzito wake ni gramu 7.8 hivi, kwa hivyo fedha halisi haifiki gramu mbili. Za 1948 hadi 1952 hazina hata chembe, ni shaba na nikeli, ingawa simba ni yule yule. Na ile ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, ya 2003, tafadhali msiniletee tena.

Ninachokitafuta kwenye mikebe hiyo ni rupia. Reli ilipofika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence, rupia ya India ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Ina gramu 11.66, na kati ya hizo karibu 10.7 ni fedha. Kipande kimoja kina fedha ya shilingi za simba zaidi ya tano. Ipo pia rupia ya kampuni ya Waingereza yenye jina la Mombasa, ya 1888. Ukiipata hiyo, keti kwanza, unywe chai, na usimwonyeshe mtu wa kwanza anayekutajia bei. Hata mimi.

"Sumaku haiishiki, basi ni halali"

Shaba pia haishikwi na sumaku. Risasi, yale madini mazito, pia. Jaribio langu ni la bure. Weka glasi ya maji kwenye mizani ndogo ya kidijitali, irudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe ikiwa inaning'inia bila kugusa kando wala chini. Mizani itasoma maji yaliyosukumwa, si uzito wa sarafu: aunsi moja ya fedha safi itasoma karibu gramu 2.96. Ikisoma 3.5, ni shaba na nikeli iliyopakwa. Ikisoma 2.7, kuna risasi ndani. Mwezi Mei nilimfanyia hivyo kijana aliyekuwa na kumi za bei nafuu mno. Zote zilisoma 3.6. Alipima ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu.

"Nimeisafisha ing'ae kwanza"

Nani aliwafundisha hivi? Colgate, majivu, ndimu, waya wa kusugulia sufuria, vyote nimeviona. Weusi ule ni salfa tu iliyokutana na fedha, hauli thamani. Mikwaruzo ndiyo inayokula, na haiondoki. Ukitaka isiwe nyeusi, usiifunge na mpira wa kufungia karatasi maana mpira wenyewe una salfa, na usiihifadhi jikoni. Mama mmoja wa Kondele alifunga rupia nne za babu yake kwa mpira miaka mingi. Kila moja sasa ina mstari mweusi katikati ya uso wa mfalme.

"Fedha haishuki"

Januari 1980 aunsi ilikaribia dola 50. Kabla ya Machi kwisha ilikuwa chini ya dola 11. Ikapanda tena karibu na 50 Aprili 2011, na Machi 2020 ikawa chini ya 12. Aliyenunua kileleni 1980 alisubiri miaka 31 kuikaribia bei hiyo tena, na bado hapo sijahesabu mfumuko wa bei.

Mwalimu hakuuza. Alikunywa chai yangu, akauliza rupia zinapatikana wapi, akaondoka na kijisanduku chake kwapani. Jana amenipigia simu: mjukuu wake amekipenda kiboko.