Magnamu Haifuti Upepo

Swali ni lile lile: "Nataka kuwinda mnyama mkubwa kwa mita 500, ninunue magnamu ipi, yaani bunduki ya risasi yenye baruti nyingi?" Kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshajijibu: kalibari (kipenyo cha risasi) ikiwa kubwa, masafa marefu yanakuwa mepesi. Jamani!

Chukua risasi ya .300 Winchester Magnum, magnamu ya mwaka 1963, yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha kizamani cha gramu 11.7. Kinatoka mtutuni kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Sasa chukua 6.5 Creedmoor, risasi ndogo zaidi ya 2007, kichwa kirefu chembamba cha gramu 9.3, kinachotoka kwa mita 820 tu. Wakifika mita 500 wote wawili wamebakiwa na kama mita 580 hadi 600 kwa sekunde. Kasi yote uliyolipia, hewa imeshaila. Na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikatiza ubavuni, Creedmoor inasukumwa nusu mita hivi. Magnamu ile inasukumwa zaidi ya sentimita 60. Mkubwa ndiye aliyepeperushwa zaidi.

Ukiipa magnamu kichwa kirefu kinachokata hewa, inarudi mbele, sikatai, na uzito wake unakuwa faida ya kweli. Ila hapo kilichofanya kazi ni kichwa, si jina lililogongwa kwenye ganda.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwa mnyama, irudi kwenye bunduki. Vichwa vingi vya kuwindia vinataka kama mita 550 kwa sekunde ili vifunguke, yaani vitanuke ndani ya mnyama. Chini ya hapo vinapita kama msumari, na mnyama anakwenda kufia asikoonekana. Masafa yako yanaishia kasi inaposhukia hapo, hata kama darubini inaona mbali zaidi.

Bunduki yenyewe: msokoto wa mtutu (mifereji ya ndani inayozungusha kichwa) ulingane na urefu wa kichwa (Creedmoor kwa kawaida ni mzunguko mmoja kila inchi 8), triga isikwaruze, uzito ubebeke. Basi.

Teke, ule msukumo wa bunduki begani, ndilo linalonikera. La .300 ni karibu mara mbili ya Creedmoor bunduki zikilingana uzito, na kila mtu hudai halisikii. Mchanganyie risasi bandia, zisizolipuka, kwenye magazini bila kumwambia. Anavuta triga, hakuna mlio, na mdomo wa mtutu unainama wenyewe, kwa kuwa mwili wake unaliogopa teke.

Ipo pia kanuni ya nishati ambayo risasi inapaswa kufika nayo, futi-pauni 1,500 (kipimo cha nishati) kwa mnyama wa ukubwa wa elk, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini. Inarudiwa kama sheria. Mimi naitilia shaka. Nishati haisemi risasi imepita wapi, wala kama imefunguka.

Na hata ukipatia yote hayo, risasi inakaa hewani kama sekunde 0.7 hadi mita 500. Hatua moja ya mnyama inahamisha tundu kutoka mapafuni hadi tumboni. Akiwa anakula huku anatembea, mimi sifyatui. Natafuta njia ya kumsogelea.