Nobu ya eko ikikwaruza, usikimbilie kupuliza dawa

Kazi nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kaloleni, Arusha, ni miksa na mashine za eko za makanisa na za watu wa sherehe. Malalamiko ni yaleyale: ukizungusha nobu spika zinakwaruza, au sauti inapotea katikati halafu inarudi. Mara nyingi mwenyewe ameshapuliza dawa ya kusafishia kontakti, kelele ikatulia kidogo, ikarudi. Naomba tujue kwanza kelele inatoka wapi, kwa sababu hata nobu safi kabisa inaweza kukwaruza.

Chini ya nobu kuna volyumu. Ndani yake mna utepe wa kaboni uliopinda kama mwezi mchanga, na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Miguu miwili ya pembeni imeshika ncha za utepe, wa katikati umeshika ulimi. Kiangazi vumbi letu hupenya hadi humo, mguso ukawa wa kukatikakatika. Hapo dawa inafaa: zima kifaa, puliza kidogo, zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi, acha ikauke. Petroli na thina hapana, zinakula plastiki.

Kinachowasumbua wengi bila kujua ni umeme wa DC, ule wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Kapasita iliyo jirani na volyumu kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Ikichoka inavuja, na DC ikipita kwenye utepe, kila kasoro ndogo ya kaboni inasikika kwenye spika. Washa kifaa bila muziki, weka mita ya kupimia umeme kwenye DC, waya mweusi kwenye graundi (upande wa sifuri wa saketi), mwekundu uguse mguu mmoja baada ya mwingine. (Mkono ukae mbali na upande wa pawa saplai, kule kuna volti 230.) Volyumu inayopitisha sauti husoma karibu na sifuri. Ikisoma hata nusu volti, kapasita ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mashine za kidijitali ni habari nyingine. Humo nobu nyingi hazipitishi sauti. Zinapeleka volti kwa prosesa, ile chipu inayoendesha mashine, kwa kawaida volti 0 hadi 3.3 au 5. Zungusha taratibu, mita ipande bila kuruka. Ikiruka, na namba kwenye skrini zitaruka. Nobu inayozunguka bila kikomo ni enkoda, haina utepe bali hutoa mapigo. Ikichafuka, unapandisha eko, yenyewe inashuka.

Halafu kuna lehemu. Mwalimu wa kwaya mmoja kutoka Ngarenaro alileta mashine iliyolia pale tu alipoisukuma nobu pembeni.

"Fundi, nibadilishie tu hiyo volyumu."

"Mwalimu, volyumu yako nzima. Hebu tazama hapa."

Chini ya lenzi, kwenye mguu wa katikati, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba uliouzunguka mguu wote. Nati ya juu, inayoibana volyumu kwenye kava, ilikuwa imelegea, kwa hiyo kila mkono ulioshika nobu ulikuwa unaitingisha bodi. Nililehemu upya, nikakaza nati, akaondoka na volyumu yake ileile. Nati iliyolegea huua vifaa vingi kuliko vumbi, huo ndio msimamo wangu.

Ikibidi kubadilisha volyumu, soma maandishi yaliyo juu yake: namba ni ukinzani wake (50K ni ohm elfu 50), herufi ni jinsi inavyopanda. B50K hupanda sawasawa, A50K imepangwa kufuata masikio. Ukiweka B mahali pa A, sauti yote inakuja mwanzoni mwa mzunguko. Kwa baadhi ya vifaa vya zamani vya Ulaya herufi hizo ziko kinyume, hivyo itoe kwenye bodi uipime kwa ohm: ukiizungusha hadi katikati, ya kupanda sawasawa inasoma karibu nusu kati ya mguu wa katikati na wa pembeni. Mguu wa pembeni kwa wa pembeni, tofauti ya asilimia 20 na namba iliyoandikwa ni ya kawaida. Nenda dukani na ile mbovu mkononi, ulinganishe mhimili: kuna wa meno na wa umbo la D, na nobu ya mmoja haikai kwenye mwingine.