Sukari ya mnazi na mwenye kisukari: maswali ya watu wa Tanga

Kuna neno linalotembea na sukari ya mnazi: "Hii ni ya asili, hata mwenye kisukari anakula." Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana likiingia kwenye nyumba yenye mzee anayetumia dawa linaweza kumuumiza. Maswali haya nimeyakuta Ngamiani, Pangani na hata kwenye meza za futari.

Sukari hii inatoka kwenye nazi yenyewe?

Hapana. Haitoki kwenye nyama ya nazi wala kwenye maji ya dafu. Ni utomvu wa panda, yaani shina la maua ya mnazi, kabla halijatoa vidaka. Mgema hupanda na kotama yake, akakata ncha ya panda, akatundika kibuyu, kisha akarudi asubuhi na jioni kuteremsha kilichochuruzika. Kikiwa kibichi ndicho tembo tamu. Kikiwahiwa motoni hupungua, kikazidi uzito, kikawa asali ya tembo. Ukizidi kukoroga mpaka maji yaishe, inabaki sukari ya kahawia yenye harufu ya kuungua kwa mbali.

Utomvu huo una sukari ya asilimia 12 hadi 18 hivi, kwa hiyo kilo moja hutaka lita saba au zaidi, pamoja na kuni za kutosha. Tena panda lililogemwa halizai nazi. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji vizuri, kwani huenda umeshika sukari guru, nayo ni ya miwa. Rangi zao hukaribiana sana.

Mama yangu ana kisukari. Ameambiwa aache sukari nyeupe, atie ya mnazi kwenye chai, eti haipandishi. Ni kweli?

Inapandisha, dada yangu. Sehemu kubwa ya sukari ya mnazi, kama asilimia 70 hadi 80, ni sukrosi, ile ile iliyojaa kwenye sukari nyeupe. Tumboni sukrosi huvunjika ikawa glukosi na fruktosi, na glukosi huingia kwenye damu. Hata nguvu yake ni ile ile: kalori 4 hivi kwa kila gramu.

Maneno ya "haipandishi" yana mzizi wake. Kuna kipimo cha kasi ambayo chakula hupandisha sukari ya damu, ambapo glukosi tupu imepewa 100 na sukari ya mezani huwa karibu na 65. Ufilipino waliipima sukari ya mnazi wakapata 35. Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, kikapata 54. Tazama tofauti hiyo ilivyo kubwa kwa kitu chenye jina moja! Wauzaji huishika ile 35 na kuiacha 54. Hata tukikubali kwamba inapanda polepole kidogo, kupanda polepole si kutopanda, na mama akijiona salama akaongeza kijiko cha tatu, faida yote imekwisha.

Ninachomshauri ni hiki: akipenda ladha yake, aihesabu kama sukari nyingine yoyote, na asipunguze dawa kwa sababu yake. Kama ana mashine ya kupimia nyumbani, apime kabla ya chai na saa mbili baadaye. Namba za kidole chake mwenyewe zitamwambia mengi kuliko mimi. Na asisahau maandazi yaliyo pembeni ya kikombe. Mara nyingi unga ule mweupe unazidi kijiko cha sukari kwa kazi.

Lakini si ina madini?

Inayo: potasiamu, chuma kidogo, zinki kidogo. Gramu 100 zinaweza kuwa na potasiamu miligramu 1,000 hivi. Ila nani anakula gramu 100? Kijiko cha chai ni gramu 4, kwa hiyo unapata miligramu 40 tu. Ndizi mbivu moja ina kama 400. Kula ndizi.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni heri zaidi zikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, vijiko sita. Asali na shira zimo kwenye hesabu hiyo. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu vimekwisha kuimaliza, kabla hujagusa kaimati wala kashata. Na ninaposema kijiko nasema cha kusawazisha, si chenye kilima. Watoto wa chini ya miaka miwili hawahitaji sukari kabisa kwenye uji, hata hii.

Babu anasema tembo tamu ni dawa, anywe?

Tembo tamu ni maji ya sukari, na joto la pwani halilisubiri: ndani ya saa chache limeanza kuchacha, na kileo kimo hata kama ulimi bado unaonja utamu. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, kileo kinaweza kuishusha sukari ghafla, hasa akinywa bila kula.

Basi hakuna wakati inamfaa mgonjwa?

Upo. Sukari ikishuka mno, akitoka jasho, akitetemeka, akachanganyikiwa, mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari yoyote iliyo karibu, ya mnazi ikiwemo, ndani ya maji. Mpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, umpeleke hospitali.