Linux ndani ya Windows: je, inaendeshwa na prosesa gani?

Ukifungua VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo endeshi mmoja ndani ya mwingine, kwenye laptop yenye Windows ukawasha Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, utaona dirisha likipitia hatua zote za kompyuta inayowaka: skrini nyeusi, nembo, kisha mahali pa kuandika nenosiri. Ubuntu hiyo itakuambia ina prosesa, ina diski, ina kadi ya mtandao. Wengi wakiona hivyo huamini kwamba ndani ya dirisha kuna kompyuta ya kuigiza, yaani kila amri ya Ubuntu husomwa kwanza na VirtualBox, ikatafsiriwa, ndipo Windows ikaitekeleza kwa niaba yake. Na kwa kuwa laptop nyingi hulemewa na kazi hiyo, maelezo haya yanaingia akilini kwa urahisi.

Sivyo ilivyo. Ubuntu ikijumlisha namba mbili, inayojumlisha ni prosesa ileile iliyo chini ya kibodi yako, bila mtu wa kati. Prosesa huacha kazi za mfumo mwenyeji (hapa Windows) kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hufanya za mfumo mgeni (hapa Ubuntu), kisha hurudi.

Ushahidi mzuri ulijitokeza mwaka 2020, Apple ilipoanza kuuza Mac zenye prosesa ya M1, ya ukoo wa ARM, wenye lugha yake ya amri, badala ya zile za Intel. Windows ya kawaida, iliyotengenezwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD, haikuweza kufunguliwa kama mgeni kwenye Mac hizo. Ilihitajika Windows ya ARM. Kama mgeni angekuwa anaigizwa, ukoo wa prosesa usingekuwa kikwazo. Uigizaji kamili upo pia. QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard, inaweza kuendesha mfumo wa Intel juu ya ARM kwa kutafsiri amri zake, ila mwendo unapungua sana. Lakini QEMU hiyohiyo ikiunganishwa na KVM, sehemu ya Linux inayomwezesha mgeni kutumia prosesa moja kwa moja, na ukoo wa prosesa ukiwa mmoja, huacha kutafsiri na kumpa mgeni prosesa halisi. Huenda hapo ndipo mambo haya mawili yanapoanza kuchanganywa.

Linabaki swali gumu. Mfumo endeshi ni programu iliyozoea kutawala: ndio unaogawa kumbukumbu, ndio unaoamua lini vifaa visikilizwe. Watawala wawili watakaaje kwenye prosesa moja bila kuharibiana kazi?

Fikiria gari la shule ya udereva. Mwanafunzi ameshika usukani wa kweli na injini ni ya kweli. Mwalimu pembeni ana pedali zake, lakini kwa sehemu kubwa ya safari miguu yake imetulia, na gari halipungui mwendo kwa sababu tu yeye yumo ndani. Huingilia pale mwanafunzi anapotaka kufanya jambo la hatari. Tofauti ni kwamba mfumo mgeni kwa kawaida hutenda kana kwamba kiti cha pembeni hakina mtu. Tuseme mfumo mgeni unataka kuzima kwa muda ishara ambazo kibodi na kadi ya mtandao hutuma kuomba huduma. Prosesa inausimamisha na kukabidhi usukani kwa programu msimamizi, kama VirtualBox. Msimamizi anaandika kwamba ndani ya mashine hii pepe, yaani kompyuta anayoiona mgeni, ishara zimezimwa, kisha anamrudisha mgeni kwenye amri inayofuata. Mgeni anaamini amezima. Wimbo uliokuwa ukiuchezesha kwenye Windows haukatiki.

IBM ilikuwa na mpango wa namna hii tangu miaka ya 1960 kwenye kompyuta zake kubwa, na mwaka 1972 ikatangaza VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika sharti lake: kila amri inayogusa utawala wa mashine lazima inaswe, yaani isimamishwe na kukabidhiwa msimamizi, inapotolewa na asiye na mamlaka. Prosesa za Intel zilizoenea kwenye kompyuta za mezani hazikutimiza sharti hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu kwenye Pentium, prosesa ya Intel, amri 17 zenye kasoro hiyo. Mojawapo ni POPF: ikijaribu kuzima zile ishara bila mamlaka, haizimi kitu wala hainaswi. Ni sawa na mwanafunzi kukanyaga breki, gari lisipunguze mwendo, na mwalimu asijue kwamba breki imekanyagwa.

VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata njia ambayo mpaka leo naiona kuwa ya werevu mkubwa. Programu yake ilisoma kiini cha mfumo mgeni kabla hakijatekelezwa, ikabadilisha zile amri za hatari, huku programu za kawaida za mgeni zikiachwa ziende moja kwa moja. Kwa hiyo tafsiri iliwahi kuwepo, lakini kwa sehemu tu. Mwishoni mwa 2005 Intel ilileta VT-x, AMD ikafuata mwaka 2006 na AMD-V, na kunasa kukawa kazi ya prosesa yenyewe. Mwanzoni haikuwa nafuu kila mahali: wahandisi wa VMware walionyesha mwaka 2006 kwamba kwa baadhi ya kazi njia yao ya zamani bado ilikuwa na kasi zaidi.

Kinachoigizwa hasa hadi leo ni vifaa. QEMU isipoambiwa vinginevyo humwonyesha mgeni wa kawaida wa Intel au AMD ubao mama wa Intel 440FX, wa mwaka 1996, hata kama laptop imetoka dukani jana, maana karibu kila mfumo endeshi unajua kuzungumza nao. Ukongwe huo una gharama. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyoitwa VENOM kwenye uigizaji wa kiendeshi cha disketi cha QEMU, ambayo ingeweza kumtoa mvamizi ndani ya mashine pepe hadi kwa mwenyeji.

Kama laptop yako inalemewa, basi, anza kwa kuangalia RAM: yenye GB 4, ukimpa mgeni GB 2, Windows inabaki na nusu. Na mashine pepe ikigoma kabisa kuwaka, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha CPU, utazame mstari wa Virtualization. Mstari huo ukisema Disabled, ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uwashe Intel VT-x, au SVM Mode kama prosesa ni ya AMD. Laptop nyingi, hasa za mtumba, hufika mkononi mwa mtu kipengele hicho kikiwa kimezimwa.