Linda laini ya simu kwanza, programu baadaye

Oktoba ni mwezi wa kuhamasisha umma kuhusu usalama mtandaoni. Dawati letu la malalamiko hapa Nairobi linauingia likiwa na lalamiko moja linalojirudia kuliko mengine: WhatsApp ya mtu imetekwa, na namba yake inawaandikia jamaa, wanachama wa chama na wafanyakazi wenzake ikiomba "nisaidie na elfu tano, nitarudisha jioni". Mlalamishi huja akiamini kwamba simu yake imedukuliwa kwa mitambo ya ajabu. Mara nyingi hakuna mitambo. Kuna msimbo wa tarakimu sita uliotumwa kwa SMS, na mwenye simu ndiye aliyemsomea mtu aliyempigia.

Anayeweza kupokea SMS na simu za namba yako anaweza kujifanya wewe kwenye WhatsApp, kwenye baruapepe na kwenye huduma nyingi zinazotuma msimbo wa uthibitisho. Ndiyo maana tunasisitiza laini kabla ya programu.

Ukikataa kusoma msimbo, tapeli ana njia ya pili. Atakuambia ubonyeze *21* kisha namba fulani kisha #, eti upate bonasi ya bando au uthibitishe kifurushi kilichofika kwa jina lako. Ukifanya hivyo umeiagiza kampuni yako ya simu ielekeze kila simu inayoingia kwenye namba ya tapeli. Halafu yeye huiomba WhatsApp impigie badala ya kutuma SMS. WhatsApp inapiga namba yako, simu inalia kwake, sauti inamsomea tarakimu sita, na akaunti imekwenda. Simu yako haikulia hata mara moja.

Kukagua, bonyeza *#21# na upige kama unavyopiga simu ya kawaida. Kukiwa na namba usiyoijua hapo, bonyeza ##002#. Hiyo hufuta maelekezo yote ya simu kwa pamoja. Ikiwa unatumia laini mbili, rudia kwa kila laini, kwa sababu agizo hilo hufuata laini, halifuati simu.

Hapa tunaomba umakini. Kuna video zinazosambaa zikidai kwamba *#21# na *#62# humfichua anayesikiliza mazungumzo yako. Si kweli, na zimetuletea watu wengi wenye hofu isiyo na sababu. *#62# huonyesha simu zako zinakopelekwa ukiwa umezima simu au umekosa mtandao, na namba inayotokea mara nyingi ni ya mtambo wa ujumbe wa sauti wa kampuni yenyewe. Si jasusi. Tafadhali msiwatumie wengine video hizo.

Ndani ya WhatsApp kuna kinga ambayo watu huiahirisha kila siku: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Unaweka PIN ya tarakimu sita, kisha baruapepe. Msiache nafasi ya baruapepe wazi, kwa kuwa ndiyo njia ya kuweka PIN mpya ukiisahau. Ukishaweka PIN, msimbo wa SMS peke yake haumtoshi mwizi. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu za kitambulisho. Hizo umeziandika kwenye madaftari ya walinzi wa majengo yote uliyowahi kuingia mjini.

Kagua pia Vifaa vilivyounganishwa. Watu wengi hufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya saiba ili wachapishe cheti au risiti ya eCitizen, kisha hulipa na kuondoka. Kifaa kilichounganishwa hutoka chenyewe ikiwa simu kuu haikutumika kwa siku 14. Wewe unaitumia simu yako kila saa, kwa hiyo ile kompyuta inaendelea kupokea ujumbe wako mpaka uitoe kwa mkono: gusa jina la kifaa, kisha Toka. Afadhali ujitumie faili kwa baruapepe, uifungue kwenye dirisha la faragha, na ulifunge kabla hujasimama.

Akaunti ikishatekwa, kufuta programu hakusaidii, wala kununua simu mpya. Anza na ##002#. Kisha isajili upya WhatsApp kwa namba yako na uingize msimbo utakaokujia. Mwizi hutolewa papo hapo. Ukiulizwa PIN ambayo hukuiweka wewe, basi yeye ameweka yake, na itakubidi usubiri siku 7 kabla ya kuingia bila hiyo PIN. Katika siku hizo hata yeye hayumo. Usiombe msimbo mara nyingi kwa pupa, kwa sababu kila jaribio huongeza muda wa kusubiri. Wakati huo wapigie jamaa kwa simu ya kawaida, na uwaombe wasimamizi wa makundi waiondoe namba yako kwa muda.

Sasa laini yenyewe. Simu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, ikiwa imefungwa kwa alama ya kidole, mwizi haihangaikii skrini. Anatoa kadi ya SIM, anaiweka kwenye simu yake na kuanza kupokea misimbo yako. Kinga ni PIN ya laini, ambayo si ile ya kufungulia simu wala ya M-PESA. Huwekwa kwenye mipangilio ya usalama ya simu, sehemu ya kufunga SIM. Utaulizwa kwanza PIN ya awali iliyochapishwa kwenye kadi kubwa ambamo laini ilibanduliwa, penye PUK pia, yaani msimbo wa kuifungua laini iliyojifunga. Usikisie. Ukikosea mara 3 laini hudai PUK, na PUK ikikosewa mara 10 kadi hiyo imekufa, itabidi ubadilishiwe dukani. Aliyetupa kadi ile kubwa aiulize kampuni PUK kabla ya kujaribu chochote.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uripoti usiyoitambua. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini yao isihamishiwe kadi mpya kwingine isipokuwa kwenye duka la kampuni. Mtandao ukipotea kwako ghafla huku jirani wa laini kama yako anao, huenda laini yako imehamishiwa kadi ya mwizi, kwa hiyo usikae ukisubiri urudi: nenda dukani siku hiyo hiyo na kitambulisho halisi.

Zana mbili za mtandaoni zinafaa kujulikana. Have I Been Pwned hukuonyesha kama baruapepe yako imo kwenye data zilizovuja. Nenosiri la huduma iliyotajwa libadilishwe kila mahali ulikolitumia. VirusTotal hukagua viungo na faili kwa vikagua virusi vingi kwa pamoja, lakini usipakie humo kitambulisho wala hati ya mshahara, kwani faili hizo huweza kuonekana na wataalamu wengine. Na ile alama ya kufuli kwenye kivinjari haithibitishi uaminifu wa tovuti. Inathibitisha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomwe njiani. Tovuti ya serikali ya Kenya huishia na .go.ke kabla ya mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake. Ikiwa baada ya .go.ke kuna nukta na jina jingine, ondoka.

Kuhusu kuripoti, tunaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba nzima, tarehe na saa, si jina ulilohifadhi. Kama pesa imetumwa kwa M-PESA, hifadhi msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu 10, na upeleke ujumbe wote wa uthibitisho kwa 456 mara moja; pesa ikishatolewa, kurudishiwa huwa vigumu mno. SMS za matapeli kwenye laini ya Safaricom zipeleke 333, bila malipo. Kisha fika kituo chochote cha polisi, pata namba ya OB (daftari la matukio la kituo) na abstrakti, yaani hati ya polisi inayoonyesha kwamba umeripoti. Picha ya skrini iliyotupiwa mitandaoni haifungui faili ya uchunguzi.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 29, inamtoza anayetumia nenosiri au utambulisho wa mwingine kwa hila faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ulaghai wa kompyuta chini ya kifungu cha 26 hufika faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Aliyemkopesha tapeli akaunti yake ipokee pesa hizo naye ataitwa ajieleze.

Ikiwa data yako ilivujishwa na shirika au biashara, lalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria ya 2019 inaipa siku 90 kulichunguza na kulihitimisha. Pesa zilizotumwa kwa tapeli hazifuatiliwi huko. Hizo ni kazi ya polisi na kampuni ya simu, kwa namba ile ya OB.