Homa ya ini B: anayeliumiza ini ni nani?

"Virusi vinakula ini." Ndivyo watu wengi wanavyoamini kuhusu homa ya ini aina ya B, nami niliamini hivyo miaka mingi. Kumbe kirusi hiki ni mpangaji asiye na fujo: kinaingia ndani ya seli ya ini, kinazaliana, na seli inaendelea na kazi zake. Anayeibomoa ni askari wetu wenyewe wa kinga ya mwili, seli T, ambazo huua kila seli ya ini zinayogundua ina kirusi. Vita hivyo vikidumu miaka, makovu hurundikana na ini hukakamaa.

Ndiyo maana majibu ya "ini halina tatizo" hayatoshi kumtuliza mtu. Kijana aliyeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na mamilioni ya virusi katika tone la damu huku vimeng'enya vya ini, vinavyopimwa kwenye damu kuona kama ini linaumia, vikiwa kawaida kabisa. Kinga haijashinda hapo. Haijaanza hata kupigana. Watoto wanaoambukizwa wakizaliwa, takriban asilimia 90 hubaki na virusi maishani, ilhali kwa watu wazima hawafiki asilimia 5. Kwa hiyo chanjo ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ikija wiki ya sita, kwa mtoto wa mama mwenye virusi inaweza kuwa imechelewa.

Halafu kuna biashara ya "dawa za kuongeza kinga". Seli T za mgonjwa wa muda mrefu hazijakosa vitamini. Zimechoshwa na miaka ya kuogelea katika protini za kirusi, mpaka zikajifunga breki zenyewe. Chupa ya mitishamba haifungui breki hizo, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini lilelile. Tenofovir, dawa ya hospitali ya homa ya ini B, nayo haigusi breki. Inazuia kirusi kuzaliana, basi. Nakala yake ya siri hubaki kwenye kiini cha seli, na ndiyo maana kuacha vidonge kiholela ni hatari.

"Mimi nilishapona zamani, hainihusu." Inakuhusu siku utakapoandikiwa dawa za saratani au za kushusha kinga. Hata aliyepona hubaki na masalia ya kirusi, yakizuiwa na kinga yasiamke. Mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza.